Ludlow kwa siku moja na mama

Dada, umesema mmeichoka London, wewe na mama, na mna siku moja tu ya kuona mji wa zamani wenye soko. Mimi ningewapeleka Ludlow, kule Shropshire karibu na mpaka wa Wales. Ila kutoka London ni mbali na mtabadilisha treni, kwa hiyo laleni huko usiku mmoja. Stesheni iko kwenye njia ya Shrewsbury na Hereford. Kutoka hapo mnapanda kilima kidogo kwa miguu.

Chagueni siku ya gulio: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa au Jumamosi. Meza hupangwa mbele kabisa ya ngome, ambayo Wanormani, wavamizi waliotoka Ufaransa, walianza kuijenga karne ya 11. Humo ndimo alimofia Arthur, kaka yake mfalme Henry VIII wa Uingereza, mwaka 1502.

Kanisa la St Laurence msilipite. Waombeni wawaonyeshe viti vya mbao vya waimbaji, kisha muiname mtazame chini ya vibao vya kukalia. Kimoja kimechongwa muuza pombe aliyekuwa akiwapunja wateja, shetani kambeba begani anampeleka motoni! Mama atacheka.

Baada ya hapo shukeni taratibu Broad Street hadi lango la zamani, halafu mtoni. Kurudi ni mlima, na mawe huteleza mvua ikinyesha, basi mama avae raba. Na koti, hata kama ni Julai.