Mume amenuna kwa sababu nauza nguo za hisani mtandaoni

*Shangazi, shikamoo. Naishi Coventry, Uingereza, na mume wangu ni dereva wa basi. Siku mbili kwa wiki najitolea kwenye duka la hisani, lile linalouza vitu watu walivyotoa bure ili kusaidia wahitaji. Juzi nilipata koti la Burberry, chapa ya bei ghali, nikaliwekea pauni 12, nikalilipia, nikaliuza kwenye soko la mtandaoni la eBay kwa pauni 140. Mume alipokuta vifurushi mvunguni alinuna. Anasema pesa hizo zisiingie jikoni mwake. Najua ni mama mkwe wa Tanga anayemchochea. Kwani kununua ni kuiba?*

Marahaba, mwanangu. Kununiwa ndani ya nyumba, tena kwenye baridi ya huko, si mchezo. Pole. Pole yangu inaishia hapo.

Kununua rahisi na kuuza kwa faida si dhambi. Angeingia mteja yeyote, akaliona koti limetundikwa, akalilipia 12 na kuliuza 140, ningempa hongera kwa jicho lake. Duka limepata lilichoomba. Lakini wewe umeandika "nikaliwekea". Bei umeweka wewe, mnunuzi wewe, na koti sidhani lilifika hata kwenye henga. Wauza mitumba wa Gikomba, Nairobi, nao huchagua kamera, yaani nguo bora kabisa, kabla ya wengine, ila belo wamelinunua kwa hela yao. Hilo gunia unalolichambua chumba cha nyuma, mtu alilibeba hadi pale kwa ajili ya wagonjwa au wenye njaa.

Usiniambie wangeliuza hiyo hiyo 12. Shirika la hisani la Oxfam lina duka lake la mtandaoni tangu 2007, na mashirika mengine yanauza humo humo eBay unamouzia wewe. Ndiyo maana maduka mengi ya hisani hayamruhusu anayejitolea kununua alichokiwekea bei mwenyewe. Hilo hukulitaja, nami sidhani hulijui.

Na kama biashara ni safi, vifurushi vilikwenda kufanya nini mvunguni? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mumeo ameinama. Mama wa watu mwache, hata hilo koti hajaliona. Ndoa za siku hizi nazo! Kitanda kimoja, simu mbili, nywila mbili, kila mtu na duka lake. Mke akipata ni changu, akikamatwa ni yetu. Mwanamume anayekataa pesa asiyojua ilikotoka, wenzako wanamtafuta kwa tochi.

Nenda kwa meneja, mweleze habari ya koti, mkabidhi 128 zilizozidi. Na mengineyo pia, maana koti moja halijazi mvungu. Kisha chagua: zamu au biashara. Ukichagua biashara, pitia mlango wa wateja, na ujue kuwa pauni 1,000 za kwanza za mauzo kwa mwaka wa kodi hazitozwi. Zikizidi, kuna hesabu ya kutoa. Tangu 2024 masoko ya mtandaoni kama eBay na Vinted hukusanya taarifa za muuzaji anayefikisha mauzo 30 kwa mwaka na kuzipeleka kwa watu wa kodi. Barua zao hudondokea mlangoni, na anayerudi zamu alfajiri ni mumeo.