Maswali na majibu: Chupa za mlo wa dharura zimeota ukungu

Swali: Habari mtaalamu. Tunaishi Utete, Rufiji. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 niliamua kuweka akiba ya milo iliyopimwa tayari kwa familia ya watu sita. Kila chupa ya lita moja na nusu nilitia mchele, maharage, dagaa, chumvi, pamoja na nyanya na vitunguu nilivyokausha mwenyewe. Wiki chache tu, chupa kadhaa zimeota ukungu na mchele umeshikana. Nizianike upya? Na safari nyingine nifungeje?

Jibu: Dada yangu, wazo lako ni zuri na chupa hazina kosa. Kilichokuharibia ni kuchanganya vitu visivyolingana ukavu. Nyanya na vitunguu vya kuanika nyumbani hukauka nje huku ndani vikibaki na unyevu. Ukivifungia na mchele, unyevu ule unahamia kwenye mchele, na kwa kuwa hauna pa kutokea, ukungu unaanza.

Chupa zilizoota ukungu zitupe zima zima. Usipepete, usianike, wala usiwape kuku. Baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, nayo haiishi kwa kuchemshwa, na kuku inawadhuru vilevile. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 20 Dodoma na Manyara, kwa hiyo hapa sikulegezei hata kidogo. Chupa zilizo kavu kabisa na zisizo na harufu ya ukungu zipike wiki hii.

Safari nyingine achana na maharage. Yakikaa kwenye joto na unyevu yanazidi kuwa magumu kuiva, na maji yakijaa uani utazipata wapi kuni kavu za kuchemshia saa mbili? Tumia choroko, upike mseto. Kwa watu sita pima vikombe vitatu vya mchele na kimoja na nusu cha choroko. Choroko zitie kwenye mfuko wake mdogo, kwa sababu zinatangulia jikoni. Zikianza kulainika ndipo unatia mchele. Chumvi nayo iwe na kifuko chake. Kando ya kila mlo weka lita tatu za maji safi, maana maji ya mafuriko hayapikiwi.

Kabla ya kufunga, pima ukavu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tia nafaka hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado mbichi. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Kwa chupa isiyopitisha hewa hiyo haitoshi, tunataka 13 au pungufu, kwa hiyo anika tena siku moja juu ya turubai. Iache ipoe kabisa kabla ya kufunga, kwani ikifungwa na joto itatoa jasho ndani. Kisha tumia chupa inayojaa kwa kipimo chako, uijaze hadi shingoni, ukigongagonga chupa ili nafaka ishuke. Ukiacha nafasi, umewaachia fukusi hewa ya kupumua.

Dagaa wakae peke yao. Wakaange bila mafuta hadi wavunjike kwa vidole, wapoe, uwafunge, na uwabadilishe kila baada ya miezi miwili, maana mafuta yao huchacha hata wakiwa wakavu. Nyanya na vitunguu viache nje ya akiba hii, mseto unalika bila hivyo.

Panga chupa kwenye ndoo yenye mfuniko, juu kuliko alama ya maji ya 2024 ukutani kwako. Andika tarehe kwenye kila moja. Mpunga mpya ukishavunwa, ukakauka na kukobolewa, pikeni akiba ya zamani na ufunge nyingine wakati jua bado kali, usingoje mawingu ya masika.