Nyie wa fildi mlioanza juzi kushika pipeti, kile kifaa cha maabara cha kunyonya na kupima vimiminika kidogo kidogo, sogeeni hapa

Jana nimemwona dogo anabonyeza pipeti mpaka mwisho kabisa ndo anaichovya kwenye bafa, nikanyamaza, akarudia, nikanyamaza, mara ya tatu nikatoka nje nisije nikamtukana mtoto wa watu. Naandika ili nisiseme tena.

1. Ukibonyeza kitufe, vituo ni viwili. Cha kwanza cha kupakia (kunyonya), cha pili cha kushushia tu, kumalizia kitone kilichogoma kwenye tipu, ile ncha ya plastiki. Ukipakia kutokea cha pili umebeba ziada na dirisha la namba halitakwambia kitu.

2. Tipu ikiwa na maji usiilaze pipeti, yanapanda kwenye pistoni na kesho mwenye zamu ni mimi.

3. Namba za dirishani. Kwenye hizi za aina ya Gilson, namba baada ya P ni maikrolita (sehemu ya elfu ya mililita) inazobeba mwisho. Dirisha likisoma 100, ya P200 ni mia kweli, ya P20 ni kumi, ya P1000 ni mililita nzima. Hayo nilikuwa nayajua, mtihani nilifaulu. Sasa mwaka wangu wa kwanza kazini tunatoa DNA, sampuli 24 za damu, protokali inataka maikrolita 20 za proteinezi K (kimeng'enya cha kuvunja protini) kila tyubu, nikachukua P20 nikaseti 020, nikaona ishirini, roho kwatu. Ni mbili hiyo! Ile namba nyekundu ya chini ni desimali, sio pambo. Tyubu zote 24, mgongo nimenyoosha kama profesa. Kolamu, vile vichujio vya kunasia DNA, zikaanza kuziba nikasema sentrifyuji imechoka, DNA ikatoka kiduchu nikasema riejenti zimeharibikia njiani, tena nikaandika ripoti kwa kujiamini, bosi akaagiza boksi jipya. Likafika, nikachukua damu iliyobaki, ya kurudia mara moja tu, nikaseti 020 vilevile. Dada wa benchi la pembeni, mteknolojia wa siku nyingi, akaniambia hebu seti ishirini nione. Nikaseti. Akaangalia dirisha, akaniangalia mimi, akaenda zake kunywa chai. Wiki iliyofuata nikatumwa mimi mwenyewe kwenda kuwaomba watu watoe damu upya, na kuna bibi alivyokunja mkono wa gauni akaniuliza, "Ile ya kwanza mjukuu wangu mmeipeleka wapi?" Mpaka leo sina jibu la kumpa.

4. Gliserini na ndugu zake wazito: pakia kutokea kituo cha pili, shusha mpaka cha kwanza, kinachobaki mwaga. Ndio, kinyume cha namba 1, msinirushie mawe.

5. Maikrolita 100 za maji safi kwenye mizani ni miligramu 100, ikisoma 90 ipeleke kalibresheni, sio kuirudisha kwenye stendi kimyakimya kama mlivyozoea.

6. Usizungushe namba za pipeti kupita mwisho wake. Na aliyeifikisha P1000 mpya mpaka 105 ajitokeze mwenyewe, maana saa nane nafungua daftari la zamu.