Maji moto kuganda kabla ya baridi: jibu langu kwa aliyeuliza kama Mpemba alikosea

Mleta mada ameuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli Waingereza walishaufunga mjadala wa Mpemba, yule Mtanzania aliyesema maji moto yanaweza kutangulia kuganda kuliko ya baridi, mwaka 2016. La pili, kama yupo mwanafizikia wa maana anayehangaika na jambo hili leo, au ni sisi tu tunaling'ang'ania kwa kuwa limebeba jina la kwetu. Nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka kumi na tisa, na jaribio hili nimelifanya na wanafunzi kwa mikono yangu, kwa hiyo naomba mnivumilie, nitaandika kwa urefu.

Kwa wale ambao hawajui hadithi yenyewe: mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto. Wavulana walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku hiyo mwenzake aliweka maziwa yake bila hata kuyachemsha, na Mpemba, akiona trei ya mwisho inamponyoka, akaingiza ya kwake yakiwa ya moto vilevile. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji. Alipomuuliza mwalimu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa zima likashika msemo huo. Kila akikosea hesabu, basi hiyo ni "hesabu ya Mpemba".

Hakunyamaza. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja pale shuleni kutoa mhadhara, kijana alisimama mbele ya wenzake akauliza: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, ujazo sawa, vyombo sawa, friza moja, kwa nini ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar akampa fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta jibu kwamba kweli ya moto yametangulia, ila akaahidi kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi. Mimi kila nikiisoma sentensi ile nasimama. Mtu ameona kwa macho yake, bado anaamini kwamba macho ndiyo yamekosea. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao katika jarida la Physics Education. Humo maji yaliyoanza na nyuzi 25 hivi ndiyo yaliyochukua muda mrefu zaidi kuanza kuganda, na yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yalichukua muda mfupi sana kuliko hayo.

Sasa nije kwangu. Shule niliyokuwa nafundisha haikuwa na friza, kwa hiyo tulimwomba mama mmoja jirani, anayeuza barafu za ubuyu, atuachie rafu moja ya friza yake kila Jumamosi. Tulikuwa na vikombe viwili vya plastiki vya aina moja, vipimajoto viwili, na uzi wa kufungia vipimajoto kwenye kijiti ili visiguse ukuta wa kikombe. Jumamosi ya kwanza maji moto yalishinda. Watoto walipiga makofi, nami nikapiga. Ya pili yakashinda tena.

Ya tatu nilimkuta binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika, anafuta daftari. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mwalimu, nimekosea kuangalia, hebu nirekebishe." Kumbe alikuwa ameona kikombe cha baridi kimetangulia, akaona haya kuandika, kwa sababu mimi mwenyewe nilishawajaza hadithi ya Mpemba kwa mbwembwe zote. Niliumia. Kosa la yule mwalimu wa Mpemba nilikuwa nimelirudia, nimeligeuza tu upande. Tangu siku hiyo nilipiga marufuku kifutio kwenye daftari la jaribio: unachokiona unakiandika, ukidhani umekosea unaandika pembeni kwa nini unadhani hivyo.

Na kwa kuwa tuliacha kufuta, tukaanza kuona. Kwanza, friza ya mama yule ilikuwa imejaa ile theluji nyeupe inayojijenga kwenye bati. Kikombe cha moto kiliiyeyusha, kikazama mpaka kikakaa juu ya bati lenyewe. Kikombe cha baridi kilibaki kimekalia theluji, na theluji hupitisha baridi kwa shida, ni kama blanketi. Tulipotanguliza kipande cha ubao chini ya vikombe vyote viwili, ushindi wa maji moto ulipungua mno, ingawa haukuisha kabisa. Pili, tuliona jambo ambalo sitalisahau: kikombe cha baridi kilifika nyuzi 4 chini ya sifuri kikiwa bado maji matupu. Mtoto mmoja akakigusa kwa kijiti, na maji yote yakashikana papo hapo, sindano za barafu zikatoka kwenye kijiti kuelekea ukingoni. Maji huweza kupoa kupita sifuri bila kuganda, yakisubiri kitu cha kuanzia. Kwa hiyo ukiuliza "yapi yameganda kwanza" unauliza pia bahati ya nani amepata punje ya kuanzia, na vikombe viwili vya maji yaleyale vinaweza kutofautiana.

Ongeza hapo mvuke unaopunguza maji moto, hewa inayotoka ndani ya maji yakichemshwa, na mzunguko wa maji ndani ya kikombe, moto kupanda na baridi kushuka. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Aliyeshinda, Nikola Bregović wa Croatia, alieleza vizuri sana, lakini mjadala haukuishia hapo.

Ndipo tunafika 2016. Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa uangalifu mkubwa, wakarejea na vipimo vya waliotangulia, wakahitimisha kwamba hawaoni ushahidi wa kuridhisha kwamba maji moto hupoa haraka kuliko baridi. Walionyesha pia kwamba kupishanisha vipimajoto kwa kimo cha sentimita moja tu kunaweza kukuletea "Mpemba" ambaye hayupo. Nawaheshimu sana kwa kazi ile, na mtu aliyefunga kipimajoto kwa uzi anajua sentimita moja inavyoteleza. Lakini angalieni walichopima: muda wa maji kufika nyuzi sifuri. Mpemba alizungumzia kuganda. Kati ya kufika sifuri na kuganda kuna ile sehemu niliyoieleza ya maji yanayosubiri. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni kwamba hawakuufunga. Walichofanya ni kutuonya kwamba kwa maji ya friza ya nyumbani jambo hili ni tete, na onyo hilo ni la haki.

Swali la pili ndilo lililonifanya niandike, maana wengi hapa hawajapata habari. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz waliliacha kando suala la maji, wakauliza kwa ujumla: je, kitu chochote chenye joto zaidi kinaweza kufika kwenye utulivu, yaani kulingana joto na mazingira yake, kabla ya chenye joto kidogo? Hesabu zao zilionyesha kwamba inawezekana. Nitaeleza kwa njia ya Lushoto. Watu wawili wanateremka kwenda Mombo. Mmoja yuko juu Magamba, lakini yuko kando ya lami. Mwingine yuko chini zaidi, ila ndani ya bonde lisilo na njia, itabidi kwanza apande kilima ndipo aikute barabara. Wa juu atatangulia. Kupoa si kuteremka ngazi moja moja kwa mstari mnyoofu. Kuna njia za haraka na njia za kukwama, na aliyeanza na joto kubwa anaweza kuwa ameanzia mahali ambapo njia ya kukwama haimhusu.

Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Canada, walilithibitisha kwa punje moja ya kioo ndani ya maji, yenye upana wa maikromita 1.5. Kwa leza waliitengenezea punje ile mabonde mawili ya nishati, moja kina kirefu na jingine kifupi, wakaiachia kuanzia sehemu mbalimbali, wakirudia mpaka wastani ukatulia. Iliyoanza kama yenye joto kubwa ilitulia mapema kuliko iliyoanza na joto la wastani, na penye mpangilio fulani, tofauti ya muda ilikuwa kubwa mno. Hapo hakuna theluji ya friza wala mvuke wa kulaumu.

Kisha jambo likaingia kwenye fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kama atomi. Mwaka 2023 Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese, kutoka Trieste, Italia, walionyesha kwa hesabu kwamba mfumo uliopotoshwa zaidi kutoka kwenye ulinganifu wake unaweza kuurudia mapema kuliko uliopotoshwa kidogo. Mwaka 2024 kundi la Innsbruck, Austria, likaliona kwa ayoni (atomi zenye chaji ya umeme) 12 za kalsiamu zilizonaswa zikiwa zimejipanga mstari. Mwaka huohuo Taasisi ya Weizmann, Israeli, ikaonyesha kinyume chake kwa ayoni moja ya strontiamu: iliyo baridi zaidi ikatangulia kupata joto. Watu wa kompyuta za kwanta wanalifuatilia kwa sababu kabla ya kila hesabu ni lazima urudishe ayoni kwenye hali ya kuanzia, na ukijua sehemu ya kuanzia yenye njia ya mkato unaokoa muda.

Katika makala zote hizo neno Mpemba limeandikwa kwenye kichwa au ndani, na watafiti wa Canada, Italia, Austria na Israeli wanalitumia. Kwa kijana aliyeuliza kama Mtanzania anaweza kusomea mambo haya: Trieste hapohapo kuna kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya nchi kama zetu, na tangu 2018 kina tawi shirika Kigali, taasisi ya utafiti wa msingi ya Afrika Mashariki (EAIFR), ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Kigali si mbali.

Mwalimu anayetaka kulifanya darasani: tumia ubao chini ya vikombe, pima maji kwa mzani badala ya macho, weka ncha za vipimajoto kimo kimoja, na badilishana nafasi za vikombe kila mzunguko kwa sababu friza haina baridi sawa kila pembe. Andikeni muda wa kufika sifuri na muda wa kuanza kuganda katika safu mbili tofauti. Kisha leteni namba zenu hapa, hata zile zinazowaaibisha, nasi tutaziweka pamoja na za binti yule, ambazo daftari lake ninalo mpaka leo.