Anza na Maharage, Si Chai

Kaya nyingi za Dar es Salaam ninazozifahamu, ya kwangu ikiwamo, zilinunua mtungi wa gesi bila kuliaga jiko la mkaa. Chai na wali hupikwa kwa gesi, lakini maharage, makande na kongoro hubaki kwenye mkaa, kwa kuwa hakuna anayependa kuacha gesi ikiwaka saa tatu mfululizo. Ndiyo maana namshauri anayetaka kuachana na mkaa aanzie kwenye maharage.

Yaloweke usiku, mwaga maji yale asubuhi, kisha yapike kwenye sufuria ya presha ya umeme. Kwangu huiva kabla saa moja haijaisha na hula chini ya nusu uniti ya LUKU, kwani presha ikishajaa, sufuria huvuta umeme kidogo kidogo tu ili kutunza joto. Usijaze kupita nusu, maana maharage huvimba na povu lake laweza kuziba tundu la mvuke. Wala usilazimishe mfuniko kufunguka kabla mvuke haujaisha. Kuunga kwa kitunguu, nyanya na tui kufanyike baadaye, sufuria ikiwa wazi, na ladha haitapotea.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mkaa unatudanganya. Kuni hutoa moshi unaowasha macho, na mpishi hutoka nje. Mkaa uliokolea hauna moshi, ilhali hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua familia iliyolala na jiko ndani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia kuni, mkaa, samadi, makaa ya mawe na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Tanzania imejiwekea lengo la kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nami naliunga mkono kwa moyo wote.

Kikwazo kikubwa ni namna tunavyolipa: mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya siku hiyo, wakati sufuria na gesi hudai fedha nyingi kwa mkupuo. Kinamama wanaocheza upatu wanaweza kukubaliana kuwa kila anayepokea anunue sufuria kwanza. Kwa nyumba isiyo na umeme, loweka vilevile, funika sufuria, na jiko libaki uani hadi majivu yapoe.