Tela la kilo 500 kwa boti ya futi 14
Mkuu, umeuliza kama tela la kilo 500 litatosha kubeba boti yako ya futi 14. Kabla hujalilipia uliza kwanza: hizo kilo 500 ni mzigo tu, au na uzito wa tela lenyewe? Halafu usipime boti tupu. Lita 50 za petroli peke yake zinakaribia kilo 38, bado mashine, nanga na nyavu.

Kwa mchanga wa ufukwe wa Msimbati kule Mtwara chukua matairi mapana. Chuma kiwe cha kuchovywa zinki. Langu la kupakwa rangi lilinifia Mikindani mwaka wa pili, beringi za magurudumu zikatoka ungaunga wa kutu! Kosa langu pia: nilikuwa nafika na kulizamisha baharini papo hapo ili kushusha boti. Beringi zikiwa moto zinanyonya maji ya chumvi, ziache zipoe kwanza. Ukitoka, suuza kwa maji yasiyo na chumvi.