Maswali ya Wasomaji: Programu ya Kurekodi Muziki Nyumbani

Barua tatu zimetufikia kutoka Lubumbashi, zote zikihusu programu za kompyuta za kurekodia muziki. Ya kwanza inagusa mambo mengi kuliko nyingine, kwa hiyo jibu lake ni refu zaidi.

Swali: Ndugu Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mpiga gitaa na mwalimu msaidizi wa kwaya ya parokia yetu katika komini ya Katuba. Tumetenga chumba kimoja nyumbani kwangu kwa ajili ya kurekodi. Tuna kompyuta ya mapajani ya Windows yenye ramu ya gigabaiti 4, kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili ya kuingizia, na maikrofoni mbili. Fundi mmoja wa mjini anasema kwamba bila Pro Tools kazi yetu haitapokelewa popote. Kijana mwingine anataka kutuwekea Cubase kutoka katika flashi yake kwa pesa kidogo, bila leseni. Umeme hukatika mara kwa mara, na mega za intaneti tunanunua kidogo kidogo. Tuchague programu gani?

Jibu: Ndugu yetu wa Katuba, salamu kwako na kwa wanakwaya wote. Kwanza ondoa moyoni hofu ya kwamba programu ya bei kubwa hutoa sauti nzuri zaidi. Sauti ya mwimbaji hugeuzwa kuwa namba ndani ya kadi ya sauti, na programu, iwe ya dola mia kadhaa au ya bure, huzipokea namba hizo na kuziandika kwenye diski kama zilivyo. Tofauti unayoisikia kati ya wimbo wa studio kubwa na wimbo wa chumbani hutokana na chumba chenyewe, maikrofoni na mahali ilipowekwa, waimbaji walivyojiandaa, na ustadi wa yule anayechanganya sauti. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda mwaka 1952 pale Jadotville, ambayo leo ni Likasi, hapakuwa na kompyuta wala programu, na hata hivyo kazi ya vidole vya mpiga gitaa yule bado inasikika wazi.

Ni kweli kwamba Pro Tools imeenea katika studio kubwa. Ilianza mapema, mwaka 1991, na studio zinazopelekeana miradi huona ni rahisi zote zikitumia programu moja. Lakini redio na wauzaji wa muziki hupokea faili la WAV au la MP3, na hakuna anayeuliza lilitengenezwa kwa programu ipi. Toleo la bure la Pro Tools, liitwalo Pro Tools Intro, lina traki 8 tu za sauti, yaani njia nane ambazo kila moja hubeba sauti iliyorekodiwa peke yake. Soprano, alto, tenori na besi, kila kundi likirekodiwa mara mbili, zitakuwa zimezijaza zote kabla ya gitaa kuguswa. Kwa kwaya, toleo hilo ni dogo mno.

Kuhusu flashi ya yule kijana, nakushauri uikatae bila kusitasita. Nakala iliyovunjwa kinga ni mlango mpana wa virusi, na virusi vikiingia katika kompyuta moja tu mnayoitegemea vinaweza kufuta kazi ya miezi. Hata visipoingia, nakala hiyo haipati masahihisho ya mtengenezaji, na siku itakapokataa kufunguka hutakuwa na mtu wa kumwendea, wakati miradi yako yote imefungwa ndani yake. Kuna sababu nyingine ninayoiona kuwa nzito vilevile: kwaya inayotarajia Wakristo wanunue nyimbo zake badala ya kunakiliana kwenye simu haipaswi kuzirekodi kwa kazi ya watu wengine iliyochukuliwa bila malipo.

Kwa hali uliyoieleza, ningechagua Reaper. Hutengenezwa na kampuni ya Cockos, iliyoanzishwa na Justin Frankel, yule aliyeandika Winamp, programu ambayo wengi wetu tulisikilizia muziki katika kompyuta za zamani. Faili la kuisakinisha halifiki hata megabaiti 30, kwa hiyo mega chache zinatosha, na ukilipakua mara moja unaweza kulihifadhi kwenye flashi. Utaijaribu kwa siku 60 ikiwa kamili, bila kipengele kilichofungwa na bila mpaka wa idadi ya traki. Baada ya hapo leseni ya mtu binafsi au ya kazi ndogo ni dola 60, na leseni hiyo ni faili dogo ambalo halikulazimishi kuingia kwenye intaneti kila unapotaka kufanya kazi. Dola 60 si pesa kidogo kwa kwaya, najua, lakini ni mchango ambao wanakwaya wanaweza kuukusanya ndani ya siku hizo 60. Hautoki mfukoni mwa mtu mmoja.

Reaper ni nyepesi, na ramu ya gigabaiti 4 itaitosha kwa kazi ya sauti na magitaa mkiwa waangalifu: fungeni kivinjari cha intaneti wakati wa kurekodi, na traki iliyojaa vifaa vya kurekebisha sauti igandisheni. Kugandisha maana yake ni kuiacha programu iandike traki hiyo upya kama sauti ya kawaida, ili prosesa ipumzike, na ukitaka kubadilisha kitu baadaye unaigandua. Inakuja na vifaa vyake vya kusawazisha besi na sauti nyembamba, kubana sauti zinazoruka na kuongeza mwangwi, na vyote vinafaa kwa kazi ya kweli. Upungufu wake ni kwamba haiji na hazina ya ngoma, piano au vinanda vilivyorekodiwa tayari. Anayetaka ngoma za kompyuta itambidi atafute plagini, yaani programu ndogo za kuongezea, za bure kando. Sura yake nayo ni kavu, na wiki ya kwanza inaweza kumchosha asiyezoea. Kwa kwaya yenye magitaa na ngoma halisi, upungufu huo wa kwanza hauwahusu sana.

Zipo nyingine ambazo mtakuwa mmezisikia. Audacity ni ya bure na ni nzuri kwa mahubiri, mahojiano na kusafisha rekodi moja, lakini kujenga wimbo wa traki nyingi ndani yake ni kazi nzito, na haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayetaka kucheza ala za kompyuta kwa kinanda. GarageBand ni nzuri sana na haina malipo, ila ni ya kompyuta na simu za Apple peke yake. Cakewalk, ambayo BandLab iliinunua mwaka 2018 na kuitoa bure, ina nguvu za studio kamili na sasa inaendelea kwa jina la Cakewalk Sonar. Ni ya Windows, lakini inahitaji akaunti ya intaneti, na kwa kompyuta yenu naiona nzito.

Sasa niseme juu ya tatizo linalowafanya wengi wailaani programu isiyo na kosa. Mwimbaji akivaa hedifoni, sauti yake huingia katika kadi, hupita katika kompyuta, kisha hurudi masikioni ikiwa imechelewa, naye anaanza kuimba nyuma ya mdundo. Ucheleweshaji huo unategemea bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukishughulikia. Bafa hupimwa kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti ambavyo kadi huvichukua kila sekunde. Bafa ikiwa sampuli 1024, katika sampuli 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 23 za kuingia na 23 nyingine za kutoka, na masikio ya mwimbaji huzihisi mara moja. Ikishushwa hadi 128, kila upande unabaki na chini ya milisekunde 3, lakini kompyuta dhaifu inaweza kuanza kukwaruza. Kwa hiyo wakati wa kurekodi shusheni bafa kadiri kompyuta inavyostahimili, na wakati wa kuchanganya ipandisheni. Katika Windows chagueni draiva ya ASIO iliyokuja na kadi yenu, yaani programu ndogo inayoiunganisha kadi na kompyuta bila kuchelewesha sauti sana. Kama kadi haina yake, ASIO4ALL ni ya bure na husaidia. Tena, tazameni kama kadi ina kitufe kilichoandikwa Direct Monitor. Kitufe hicho humpa mwimbaji sauti yake moja kwa moja bila kuipitisha katika kompyuta, na kwa kompyuta kama yenu ndilo suluhisho ninaloliamini zaidi.

Kuhusu umeme, kompyuta ya mapajani ni bahati yenu. Betri ikiwa hai, na kadi ya sauti ikiwa inapata nguvu kwa waya wa USB, umeme ukikatika katikati ya ubeti kurekodi kunaendelea. Kama betri imekufa, pesa za kwanza ziende huko kabla ya kununua programu yoyote. Katika mipangilio ya Reaper washeni uhifadhi wa moja kwa moja, iwe inaandika nakala ya mradi kila baada ya dakika chache. Sauti yenyewe huandikwa kwenye diski papo hapo wakati wa kurekodi. Kinachopotea mara nyingi ni kazi ya kuhariri ambayo haikuhifadhiwa.

Rekodini kwa biti 24 na sampuli 44,100. Hapo dakika moja ya traki moja huchukua karibu megabaiti 8, na wimbo wa dakika nne wenye traki 16 karibu nusu gigabaiti. Diski ya nje itahitajika mapema kuliko mnavyodhani. Kila wimbo ukiisha, toeni kila traki kama faili la WAV linaloanzia sekunde ya sifuri, na muyaweke mafaili hayo pamoja na mradi. Fundi wa mjini mwenye Pro Tools ataweza kuyapokea hayo bila shida siku mtakapotaka awasaidie kuchanganya, na hivyo hoja yake ya kwanza inakosa nguvu.

Kwa kuwa matundu ni mawili, anzeni na gitaa na sauti moja ya kuongoza, zikifuata mapigo ya metronomu, yaani kipiga mdundo cha programu. Juu ya hapo yaingizeni makundi ya sauti moja baada ya jingine, maikrofoni zote mbili zikilielekea kundi linaloimba. Njia hii inadai uvumilivu wa waimbaji zaidi kuliko wa mashine, basi fanyeni mazoezi hadi wimbo ukae ndipo muwashe kompyuta.

Swali: Mimi ni kijana wa Ruashi, natengeneza midundo. Nilinunua FL Studio toleo la Fruity kwa kadi ya benki ya kaka yangu. Mdundo unakubali, lakini nikitaka kurekodi sauti ya rapa ndani yake nashindwa. Je, kompyuta yangu ni mbovu?

Jibu: Mdogo wangu, kompyuta yako haina kosa. Toleo la Fruity halikupewa uwezo wa kurekodi sauti na kuipanga katika wimbo. Uwezo huo huanzia toleo la Producer. Uliyemlipa ni Image-Line ya Ubelgiji, na sera yake ni nzuri kwako: masahihisho yote yajayo ni ya bure maisha yote, na ukitaka kupanda toleo unalipa nyongeza tu, wala hurudii bei yote. Wanaofikiria kuanza na toleo la majaribio wajue kwamba linahifadhi mradi, lakini halitakubali kuufungua tena mpaka leseni inunuliwe. Wengi wamepoteza midundo yao hapo wakidhani faili limeharibika.

Kama nyongeza hiyo bado ni nzito, usingoje. Toa mdundo wako kama WAV, ukichagua kila chaneli ya mikisa (sehemu ya kuchanganyia sauti) itoke peke yake, uandike kasi yake pembeni, kisha uufungue katika Reaper niliyoieleza hapo juu au katika Waveform Free ya kampuni ya Tracktion, ambayo ni ya bure na haina mpaka wa traki. Weka kasi ileile, kila faili lianzie mwanzoni kabisa, na umrekodi rapa hapo. Watengenezaji wengi hufanya hivyo kwa hiari, hata wale wenye toleo kubwa, kwa sababu kupanga sauti za watu na kupanga midundo ni kazi mbili tofauti.

Swali: Mimi ni mama wa Kamalondo, natunga nyimbo za watoto na sina kompyuta. Simu ya Android inatosha?

Jibu: Mama yetu, inatosha kwa kuanzia. BandLab ni ya bure, nawe unaweza kuweka sauti juu ya sauti, ila kazi yako huhifadhiwa katika akaunti ya intaneti, basi panga mega kwa hilo. Simu za Android hutofautiana sana katika ucheleweshaji wa sauti. Ukiona sauti ya pili inachelewa, isogeze kwa kidole ilingane na ya kwanza badala ya kuimba upya. Hedifoni ziwe za waya, kwa kuwa zile za Bluetooth huongeza ucheleweshaji. Kabla ya kuimba weka simu katika hali ya ndege ili mtu asikupigie katikati ya wimbo, na uiweke kiganja kimoja na nusu kutoka mdomoni, kando kidogo, ili pumzi isipulize kipaza sauti.